Meneja wa Mashuka

Kazini walimwita Mwendapole. Jina hilo alipewa na mwanamke mmoja wa chumba cha pasi, kwa sababu alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, lakini ikifika jioni rundo lake la mashuka ndilo lililokuwa refu kuliko yote.

"Simba mwendapole ndiye mla nyama," yule mwanamke alisema. Wenzake wakacheka, na jina likaganda.

Kiwanda chao kilifua nguo za watu wengine: mashuka ya hospitali, taulo za hoteli, vitambaa vya meza, makoti meupe ya madaktari. Malori yaliingia asubuhi na magunia machafu, yakatoka na mafurushi safi. Ndani mlikuwa na joto kama la tanuri. Mashine za kufulia zilinguruma upande mmoja, za kukaushia upande mwingine. Katikati kulikuwa na pasi kubwa ya rola, ndefu kama kitanda. Watu wawili waliingiza shuka upande huu, wawili wakalipokea upande ule, limenyooka na bado la moto. Hapo ndipo Mwendapole alipofanya kazi miaka mingi. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa, havikusikia tena moto.

Kazi ilianza asubuhi na kuisha saa kumi jioni. Mara moja moja mzigo ulizidi, na msimamizi akapita akiuliza, "Nani anabaki?" Aliyebaki alilipwa ovataimu, yaani malipo ya saa za ziada, ambayo ni makubwa kuliko ya saa za kawaida. Asiyetaka alikwenda zake, na hakuna aliyemuuliza.

Mwendapole alibaki mara chache. Nyumbani alikuwa na mume, seremala aliyechonga milango na vitanda barazani kwao. Alikuwa na binti mmoja wa sekondari, msichana mwenye maswali mengi. Na alikuwa na baba yake mzazi, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mkewe. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia mpaka hakuweza kutofautisha mchana na taa. Lakini ulimi wake ulikuwa mzima. Kila jioni Mwendapole alimsomea gazeti, hata likiwa la juzi, na mzee alibishana na waandishi kana kwamba wamekaa naye sebuleni.

"Mwongo huyo!" alisema. "Soma tena. Nataka kusikia uongo wake vizuri."

Binti alicheka mpaka akaangusha kalamu. Jioni zao zilikuwa hivyo.

Siku moja bosi, mwenye kiwanda, alimwita Mwendapole ofisini. Alimpa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nimekuangalia muda mrefu," bosi alisema. "Kuanzia mwezi ujao wewe ni meneja wa zamu. Hutalipwa tena kwa saa. Utalipwa mshahara wa mwezi, kama watu wa ofisini."

Mwendapole alishika mikono yake asijue aiweke wapi. "Nashukuru, bosi. Na ovataimu?"

Bosi alitabasamu. "Ovataimu ni ya vibarua. Meneja halipwi ovataimu. Ndiyo sheria ilivyo. Uliza popote."

Mwendapole hakuuliza popote. Nani anamuuliza maswali mtu anayempa cheo?

Nyumbani ilikuwa shangwe. Mume wake alipiga makofi. "Kumbe nimeoa meneja bila kujua! Ningejua ningevaa tai siku ya harusi." Binti aliichukua beji mpya iliyoandikwa Meneja, akaisoma kwa sauti mara tatu.

Mzee peke yake ndiye aliyeuliza, "Na mashuka atakunja nani?"

"Watu wangu, baba."

"Watu wako wangapi?"

Mwendapole alitaka kujibu, akagundua hajui.

Mwezi haukwisha, akajua. Wanawake wawili wa chumba cha pasi waliacha kazi. Mmoja alijifungua, mwingine alipata kibarua karibu na kwao. Bosi hakuajiri wengine. Mwendapole alipomkumbusha, alijibu, "Meneja si yupo?"

Basi meneja akarudi kwenye rola. Aliingiza mashuka, akayapokea, akayakunja, akayafunga. Tofauti na zamani ni moja tu: saa kumi ilipofika, wenzake walivua aproni wakaenda, na yeye akabaki mpaka mzigo uishe. Alipotoka, duka la kona lilikuwa limefungwa. Jumapili nayo, siku yake ya kupumzika, bosi alimpigia simu aje kazini mara nyingi kuliko alivyomwacha apumzike.

Mshahara ulikuwa umeongezeka kidogo. Lakini zamani, kwa saa zile zile, angelipwa zaidi. Cheo kilimpandisha kwa mkono mmoja na kumshusha kwa mwingine.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa hicho. Wakati wa chai, wanawake wa pasi walinyamaza alipokaribia. Yule aliyempa jina aliinuka, akasema, "Tuondoke jamani, meneja amekuja." Alisema kwa mzaha, lakini waliondoka kweli. Ofisini nako hakuwa na meza wala kiti. Alikunywa chai yake amesimama mlangoni, si huku wala kule, kama popo.

Nyumbani alikula akiwa amefumba macho. Gazeti lilikaa juu ya kabati. Binti alianza kumsomea babu yake, kisha mitihani ikaja, akaacha. Tena binti aliacha kumletea mama maswali. Mara ya kwanza mama alijibu, "Kesho, mwanangu." Mara ya pili, "Kesho." Mara ya tatu hakukuwa na swali.

"Omba kurudi kwenye kazi yako ya zamani," mume wake alimwambia.

"Niseme nini? Kwamba cheo kimenishinda?"

"Sema umechoka."

"Mameneja wote wamechoka," alisema Mwendapole. Aliamini hivyo.

Kisha mzee akaanza kuugua. Miguu ilivimba, na pumzi ilimkata akitoka chumbani kwenda barazani. Daktari alisema ni moyo. Alimpa dawa na siku ya kurudi kupimwa. Mzee hakutaka kusindikizwa na mwingine ila Mwendapole.

"Nitakwenda na binti yangu," alisema. "Yeye ndiye anayejua kumjibu daktari."

Mwendapole aliomba ruhusa. Bosi alikunja uso. "Siku hiyo tuna mzigo wa hoteli mbili. Umeona wapi nahodha akaacha meli?"

Siku ikapita. Hospitali ikawapa siku nyingine, mwezi uliofuata. Mume wake alijitolea kumpeleka mzee. Mzee akagoma. "Atapata nafasi tu," alisema. "Mwacheni afanye kazi. Mtu akipewa cheo asipokilinda, watu humcheka."

Mwendapole alikuwa nyuma ya pazia, akasikia. Ingekuwa nafuu kama baba yake angemlaumu.

Siku ya pili ya kupimwa haikufika. Jumatano moja malori yalikuja yamejaa, na mashine moja ya kukaushia iliharibika. Saa kumi wenzake waliondoka. Mwendapole alibaki kwenye rola na msichana mmoja wa mashine za kufulia, aliyetaka ovataimu. Simu zao zilikuwa kabatini, mlangoni, kwa sababu ya mvuke. Hakuisikia yake ilipolia. Ililia mara nyingi.

Jua lilikuwa linazama mlinzi wa getini alipoingia. Hakuwa na kawaida ya kuingia ndani. Alivua kofia.

"Dada," alisema, "mume wako yuko nje."

"Mwambie anisubiri kidogo, nimalizie hili furushi."

Mlinzi hakuondoka. Alikuwa anaigeuzageuza kofia mikononi. Hapo Mwendapole akaachia shuka. Lilipita kwenye rola bila mtu wa kulipokea, likaanguka sakafuni upande wa pili.

Mzee alikuwa amefariki kama saa moja kabla ya hapo, kwenye kiti chake, binti akiwa naye peke yake. Seremala alikuwa amekwenda kununua mbao. Alipofika alimkuta binti ameshika mkono wa babu na simu ya nyumbani, anaendelea kupiga namba ya mama yake.

Walimzika mzee siku ya pili yake. Watu walikuja, wakaketi, wakasema yanayosemwa. Wanawake wa kiwandani walikuja pia baada ya kazi, wakamkumbatia Mwendapole bila kutaja umeneja. Mhandisi wa mitambo wa kiwanda alikuja pia, mtu mrefu mwenye mafuta meusi yasiyotoka kwenye kucha. Huyo naye alikuwa akitoka kazini usiku, tena mara nyingi kuliko Mwendapole.

Asubuhi iliyofuata simu ya Mwendapole ililia. Alikuwa jikoni na jirani wa nyumba ya pili, mwanamke wa makamo aliyekuja kusaidia kuosha vyombo. Jirani huyu alikuwa afisa katika ofisi ya kazi, ile ofisi ya serikali inayosikiliza mashauri ya waajiri na wafanyakazi. Mtaani watu walimwita Bi Afisa.

Mwendapole alikuwa na mikono yenye povu, akaweka simu kwenye sauti kubwa. Sauti ya bosi ikajaa jikoni.

"Pole sana na msiba. Sasa sikiliza, mashuka ya hospitali yamekwama. Njoo mchana, hata kwa saa chache."

"Bosi, tumezika jana."

"Najua, na nimekupa pole. Lakini wewe ni meneja. Meneja hana saa."

Simu ikakatwa. Bi Afisa aliendelea kusuuza sufuria. Aliisuuza mpaka ikawa safi kupita kiasi.

"Jirani," alisema mwishowe, "wewe ni meneja wa nini?"

"Wa zamu."

"Nieleze siku yako. Usiniambie cheo. Niambie mikono yako inafanya nini toka unaingia mpaka unatoka."

Mwendapole alimweleza. Haikuchukua muda. Kuingiza shuka, kupokea shuka, kukunja, kufunga.

"Na nani anapanga watu kwenye zamu?"

"Bosi."

"Mtu mpya akitafutwa, wanakuuliza wewe?"

"Mimi niulizwe? Hata wale wawili walioondoka niliomba waletwe wengine, sikusikilizwa."

"Ukisema fulani anafaa au hafai, neno lako lina uzito?"

"Lina uzito wa povu hili."

Bi Afisa alifuta mikono, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Basi nisikilize. Bosi wako amekwambia nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni mbaya kuliko uongo mzima, maana inatembea imevaa nguo. Ni kweli sheria inawaondoa mameneja kwenye malipo ya ovataimu. Lakini sheria haisomi beji. Inatazama kazi."

Mhandisi, aliyekesha matangani, alikuwa mlangoni, amekuja kuaga na kurudisha vikombe. Alisimama kusikiliza.

"Meneja wa kweli," Bi Afisa aliendelea, "kazi yake kubwa ni kuongoza. Ana watu chini yake. Akisema fulani aajiriwe, au fulani aachishwe, anasikilizwa. Anaamua mambo. Anaweza kushika shuka siku ya dharura, hakatazwi. Lakini kama kutwa anakunja mashuka, yule ni mkunja mashuka, hata umwite waziri."

"Lakini mimi nalipwa kwa mwezi," alisema Mwendapole. "Bosi alisema anayelipwa kwa mwezi hana ovataimu."

"Watu wengi wanaamini hivyo, na wanaumia. Kulipwa kwa mwezi peke yake hakukuondolei haki. Kuna kiwango cha mshahara kimewekwa. Aliye chini ya kiwango hicho anastahili ovataimu, hata kama ni meneja kweli. Aliye juu yake bado tunaitazama kazi yake. Ili usilipwe ovataimu, yote mawili lazima yatimie, mshahara na kazi."

"Kiwango chenyewe ni kipi?"

"Hubadilika. Kila nchi ina chake, na hata hapa hakikai miaka yote. Usikichukue kwa jirani, hata jirani akiwa mimi. Nenda ofisini, uulize cha sasa."

Mhandisi alikohoa. "Na mimi, Bi Afisa? Mimi silali. Mashine ikiharibika saa yoyote, naitwa. Kazi yangu na yake si zinafanana kwa uchovu?"

Bi Afisa alimtazama. "Ulisomea?"

"Chuo kikuu. Nina shahada ya uhandisi."

"Mashine ikiwa mbovu, nani anaamua izimwe?"

"Mimi. Bosi anapiga kelele, lakini nikisema imezimwa, imezimwa. Ikilipuka ni jina langu."

"Na mshahara wako?"

Mhandisi alitaja kiasi, kwa sauti ya chini.

"Basi sitakudanganya," alisema Bi Afisa. "Wewe ni mtaalamu. Kazi yako inahitaji elimu ya juu, unatumia akili yako mwenyewe kuamua, na mshahara wako umepita kiwango. Sheria inawaondoa mameneja, na inawaondoa wataalamu kama wewe. Dai la ovataimu huna."

"Kwa hiyo niteseke tu?"

"Sijasema uteseke. Likizo yako na siku yako ya kupumzika bado ni zako. Na mkataba wako unaweza kuubishania siku ya kuuandika upya. Nakwambia tu mlango upi umefungwa, usije ukaugonga mpaka ukaumiza mkono."

Mhandisi alicheka kicheko kikavu, akaweka vikombe mezani. "Leo nimejua usomi wangu unanigharimu nini," alisema. Akaaga.

Mwendapole hakuwa na nguvu ya kucheka. "Ningejua mapema," alisema, "ningekuwa nyumbani saa kumi."

Bi Afisa alimshika bega, akarudi kwenye sufuria.

Siku zilizofuata Mwendapole alirudi kazini. Hakukimbilia kushtaki. Bi Afisa alikuwa amemshauri aanze kwa kuzungumza na mwajiri, kwa heshima, kwa maneno machache. Akamtafuta bosi asubuhi moja.

"Bosi, naomba mambo mawili, uchague moja. Nipe kazi ya umeneja kweli, niletee watu na uniache niongoze. Au nirudishe kwenye saa, unilipe ovataimu, pamoja na ya saa hizi zilizopita."

Bosi alimtazama kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. "Nani amekufundisha hayo? Cheo nilikupa mwenyewe. Naweza kukivua mwenyewe, na wewe pamoja nacho."

Jioni hiyo mume wake alisimama na randa mkononi. "Mke wangu, unapigana na tembo. Akikufukuza tutakula nini? Wateja wangu mwezi huu unawajua, ni wa kuhesabu."

"Sijui tutakula nini," alisema Mwendapole. "Ninachojua, baba amekufa nikiwa nakunja taulo za watu. Sina hofu nyingine iliyobaki."

Seremala aliweka randa chini. Asubuhi alimsindikiza mpaka ofisi ya kazi.

Bi Afisa hakulishika shauri lile. "Mimi ni jirani yako," alisema. "Nikilishika, bosi wako atasema nimependelea, na atakuwa na haki ya kusema. Mwenzangu atalisikiliza." Akawaelekeza chumba cha pili. Alimweleza pia kwamba sheria inakataza mtu kufukuzwa kwa sababu ya kuja kuuliza haki yake, na kwamba madai yana muda wake. Anayekaa nayo miaka, huyapoteza.

Mwendapole alihitaji watu wa kusema walichokiona. Alimwendea yule mwanamke wa pasi, aliyempa jina.

Mwanamke alitazama chini. "Dada, mimi nina watoto. Nikisema, kesho sina kazi. Nisamehe."

"Sikulaumu," alisema Mwendapole. Lakini njia nzima ya kurudi alihisi kama amefiwa mara ya pili. Wengine wawili nao walikataa. Mlinzi wa getini peke yake alikubali. "Mimi nafungua geti na kufunga," alisema. "Nitasema nani natoka kumfungulia gizani."

Siku ya shauri ilifika. Chumba kilikuwa kidogo, na feni iliyozunguka kwa kulalamika. Afisa aliyesikiliza alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Bosi alikuja amevaa suti. Aliketi akanyoosha miguu.

Afisa alimsikiliza Mwendapole, kisha mlinzi. Kisha akamgeukia bosi.

"Kiwanda chako kikubwa," alisema. "Lazima kuna mtu anakusaidia kuamua mambo."

Bosi alicheka. "Kunisaidia? Kijana, nilianza na karai moja. Pale hata sabuni hainunuliwi mpaka niinuse mwenyewe!"

"Wafanyakazi wapya nani anawachagua?"

"Mimi. Namtazama mtu mikono, nikishaiona mikono najua."

"Zamu nani anapanga?"

"Mimi."

"Mtu akichelewa, nani anamwonya?"

"Mimi, nani mwingine? Ukiwaachia wale watu siku moja tu, utakuta kiwanda kimehama."

Afisa aliandika, bila haraka. "Basi meneja wa zamu anafanya nini?"

Bosi alifungua mdomo. Feni ilizunguka.

"Anasimamia," alisema.

"Anasimamia akiwa wapi?"

"Akiwa... pale kwenye rola."

"Akifanya nini kwenye rola?"

Bosi alivuta miguu yake chini ya kiti.

Uamuzi ulikuwa wazi. Mshahara wa Mwendapole ulikuwa chini ya kiwango kilichowekwa, na hilo peke yake lilitosha. Tena kazi yake haikuwa ya umeneja. Alistahili ovataimu toka siku alipopewa beji. Kiwanda kiliamriwa kumlipa, na kutomwondoa kazini kwa sababu ya shauri. Kuanzia hapo, ama apewe madaraka ya kweli na mshahara unaofikia kiwango, ama alipwe kwa saa kama wengine.

Bosi alichagua saa. Alimvua Mwendapole beji, akampa aproni, akidhani anamwadhibu. Lakini sasa kila saa baada ya saa kumi ilikuwa na bei, na alipopiga hesabu ya bei hiyo, aliona kuajiri ni nafuu. Wiki haikuisha wakaja wanawake wawili wapya kwenye rola. Wanawake wa pasi walirudi kumpisha Mwendapole nafasi kwenye benchi la chai. Yule aliyempa jina alimkatia kipande cha mkate wake. Mwendapole alikipokea. Hakuwa amesahau, lakini alikipokea.

Siku ya kwanza wanawake wapya walipokuwa kazini wote wawili, king'ora cha saa kumi kililia, na mikono yake ikaendelea kukunja. Msichana mmoja akamgusa. "Dada, tumemaliza."

Alitembea kwenda nyumbani na jua bado liko juu. Duka la kona lilikuwa wazi. Alinunua viazi. Mume wake, barazani, alimwona akikata kona, akaangusha nyundo.

"Umefukuzwa?"

"Hapana. Kazi imeisha."

"Imeisha vipi?"

"Imeisha kwa leo."

Seremala alisimama akimtazama, kisha akageuka haraka na kuanza kutafuta nyundo yake, ingawa ilikuwa miguuni pake.

Ndani, binti alikuwa jikoni. Naye aliuliza kama mama anaumwa. Mwendapole alisema haumwi, akaketi chini, akaanza kumenya viazi. Binti alichukua kisu kingine, akaketi naye. Walimenya. Zamani msichana huyu angekuwa ameshauliza mambo kumi. Sasa alikuwa amezoea kunyamaza. Mwendapole hakumharakisha. Alimenya kiazi kimoja, akachukua kingine.

"Mama," binti alisema, macho yakiwa kwenye kisu. "Ile siku ya babu."

"Niambie."

"Hujawahi kuniuliza."

"Niliogopa, mwanangu. Niambie sasa."

"Alikuwa ananiuliza saa ngapi. Kila mara. Alisema anakungoja, kuna jambo anataka kukuambia ukirudi." Alimeza mate. "Ilikuwa imepita saa kumi na moja. Nilimwambia ni saa tisa. Akauliza tena, nikamwambia bado ni saa tisa. Sikutaka ajue kwamba umechelewa tena. Alikuwa haoni, mama. Akaniamini."

Mwendapole aliweka kisu chini.

"Alisema, basi bado mapema," binti alisema. "Akalala."

Nje, nyundo ilianza kugonga, ikanyamaza. Mwendapole alimvuta binti yake kifuani kwa mikono yake yenye tope la viazi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mwanga wa jioni uliingia mpaka katikati ya sakafu, na kwa muda mrefu hakuna hata mmoja wao aliyeinuka.